Mugongo wa Mukwe Wangu

Miye naitwa Pascasie, lakini huku Munigi jina hilo analijua padri tu. Wengine wote wananiita Mama Mapasa, kwa sababu nilizaa Nishimwe na Gisubizo siku moja. Na kwetu, aliyezaa mapasa ndiye anayekanyaga migongo. Mutu akikamatwa na mugongo, analala kifudifudi, mama mapasa anavua viatu, anapanda, anakanyaga mara tatu, anashuka. Nimekanyaga migongo ya avenue nzima miaka ishirini na miwili. Wangu mwenyewe ulipokamatwa, nani alikuja kunikanyaga? Hakuna!

Basi nikaenda kituo cha afya, kwa yule munganga wa mazoezi wanayemwita kine, kijana anaitwa Lionel. Ubishi niliomupa yule mutoto, Mungu anisamehe. Alinifundisha kuinua bido ya maji kwa kukunja magoti, si kiuno, na kuishika karibu na tumbo. Nisikae kitako asubuhi nzima nikichambua maharage. Nisilale muchana eti mugongo unauma, nitembee. Nilinung'unika wiki tatu. Wiki ya nne nikajikuta nafunga viatu bila kulia.

Na kuna neno moja aliloniambia nikalishika. "Mama, migongo mingi inapona polepole. Lakini mutu akikufa ganzi katikati ya mapaja, miguu ikilegea, mukojo ukikataa kutoka, huyo usimukanyage, na usingoje kesho. Ni hospitali siku ileile. Ukichelewa, miguu inaweza isirudi."

Sasa Anastase. Ni bwana wa Nishimwe, kwa hiyo ni mukwe wangu. Kazi yake kupasua mawe ya volkano na kuyapakia kwenye lori kwa mikono. Nilimwambia akunje magoti mara ngapi? Nilimwambia kupitia Nishimwe, maana mukwe humupigii kelele uso kwa uso. Kwetu mama mukwe na mukwe ni heshima tupu. Hamushikani mikono, hamuli sahani moja, na chumba anacholala huingii. Huyu Anastase ndiye amezidi. Akiniona barabarani anasimama pembeni, kofia mukononi, mpaka nipite.

Jumanne aliinua jiwe, kitu kikalia kiunoni, akaanguka. Wakamuleta nyumbani juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, kati ya magunia ya makala ya kupikia. Nilifika mbio, nikasimama nje ya pazia ya chumba.

"Anastase, iko namna gani?"

"Hakuna shida, mama. Ni mugongo tu kidogo."

"Na miguu?"

"Iko, mama."

Hapo ndipo nilipaswa kuuliza lile neno. Lilikuwa mudomoni tayari. Mukojo! Neno gani gumu hilo? Lakini mama mukwe aulize mukwe wake habari za mukojo, majirani wamejaa sebuleni wanatega masikio? Nikasema, "Na mambo mengine... yanaenda?"

"Yanaenda, mama. Aksanti."

Nikarudi nyumbani. Ndiyo, nilirudi nyumbani, miye mujinga.

Alhamisi asubuhi Nishimwe akanipigia simu. "Mama, wamemwita Mama Mukamugema aje amukanyage, kwa kuwa weye huwezi." Mukamugema naye alizaa mapasa, anakaa avenue ya chini, mwanamuke wa kilo mia na ushee.

"Kwanza niambie," nilisema, "anakojoa?"

Akashusha sauti. "Nikimupelekea kopo ananifukuza. Amesema nisiambie mutu. Hasa weye."

Hasa miye! Nilivaa kandambili nikatoka, hata sikumbuki kama nilifunga mulango. Nikakuta sebule imejaa wamama wa kanisa, na kule ndani, kwenye upenyo wa pazia, namuona Mukamugema ameshavua viatu, anakunja kikwembe chake apande.

"Wacha!" nilipiga kelele.

"Mama Mapasa, humu si mahali pako," alinijibu. "Au ni wivu? Kazi hii hukuirithi peke yako."

"Nimesema wacha, au nitakuondoa kwa mikono yangu!"

Nikaingia. Pazia iling'oka ikabaki mukononi mwangu, na wamama nyuma yangu wakasema "Yewe!" kwa sauti moja. Anastase alikuwa kifudifudi juu ya mukeka, uso ameugeuzia ukutani. Sikumwambia kitu. Nikaweka kisigino changu juu ya muguu wake wa kushoto, nikaegemea kwa uzito wangu wote.

"Karibu, mama," alisema. Hakujitikisa hata kidogo. "Unisamehe kukupokea hivi."

"Anastase, nimesimama wapi?"

"Si pale mulangoni, mama?"

Mukamugema akatazama chini, akaona kisigino changu kilipo, akaokota viatu vyake. Kumbe ana akili, yule. Ni yeye aliyesema tung'oe mulango wa jikoni tumulaze juu yake, asipindwe. Tulimubeba watu sita mpaka barabarani, tukapata pikapu.

Hospitalini dokta aliuliza, "Mukojo ulikataa lini?"

Anastase akanitazama. Kisha akatazama dari. Hasira ikanipanda mpaka masikioni, nikasema, "Dokta anakuuliza! Haya, nimegeuka, sikuoni, sema!" Nikageukia ukuta kweli, kama mutoto aliyepewa adhabu shuleni.

"Jumanne," alisema kwa sauti ndogo. "Kabla mama hajafika kunisalimia."

"Mungemuleta Jumanne," dokta alianza, halafu akaacha.

Walimupasua jioni ileile. Muguu wa kulia ulirudi. Wa kushoto anauburuta mpaka leo, na mawe hatayagusa tena. Watu wananiambia nishukuru Mungu. Ninashukuru. Lakini nina hasira, naye na miye mwenyewe, na hasira hiyo sijui nitaipeleka wapi.

Jumapili iliyopita nilikuta wageni wa kanisa sebuleni kwake, muzee Harelimana katikati na kikombe cha chai. Anastase akashika fimbo yake, akaanza kuinuka ili anipe heshima.

"Kaa chini," nilimwambia. "Mugongo?"

"Hakuna shida, mama."

"Sikuulizi hiyo. Umekojoa leo?"

Muzee Harelimana akapaliwa na chai. Anastase aliinamisha kichwa, kisha, kwa mara ya kwanza tangu aoe mutoto wangu, akanitazama machoni.

"Mara tatu, mama."

"Aksanti," nilisema, nikavuta kiti nikakaa karibu naye.