Muda wa Kupasuka

Mwezi wa tano, mwaka wa tisini na sita, Nasiha alirudi Mji wa Kale kutoka Ufaransa, alikokuwa akisomea fizikia. Moyoni alikuwa na jambo moja tu: mumewe amrejee kabla eda haijaisha. Mzamil alikuwa amemwacha kwa talaka moja. Habari alipewa na mamake, Mwanabaraka, kwa simu mwezi wa nne, naye akaihesabu eda yake tangu siku ile.

Walikaa ukumbini wakimngoja Mzamil afunge duka lake la leso, Biashara Street. Mwanabaraka aliona mwanawe akitazama mlango kila mara, akamwuliza habari za kazi ili kumtuliza.

"Hicho kitu chenu chapasuka kabla mtu hajapepesa jicho. Mwapimaje?"

"Twagonganisha viini viwili vizito vya atomu, mama. Vikishikana, huwa kiini kimoja chenye moto mno. Kabla hakijapasuka hutoa chembe, nyutroni. Kikishapasuka, vipande vyake viwili navyo hutoa zao. Twazitenga kwa jinsi zinavyoruka. Za kabla zikiwa nyingi, twajua kilikawia."

"Kama kujua chungu kimekaa jikoni muda gani kwa mvuke uliotoka."

"Ndiyo. Na chakawia kuliko tulivyodhani. Chavutika kama halua."

"Basi wazungu wamekupeleka kote huko ukapime halua."

Nasiha akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

Mzamil akapiga hodi. Alimwamkia Mwanabaraka kwa adabu, akakaa karibu na mlango kama mgeni, wala hakumtazama Nasiha usoni.

"Nimekuja unirejee," Nasiha akasema. "Eda ingalipo."

"Eda imekwisha, Nasiha. Talaka niliitamka mwezi wa kwanza, kabla ya Ramadhani, mbele ya mashahidi, na siku ile ile nikaja hapa kumwambia mama. Eda huhesabiwa tangu talaka kutamkwa, hata kama mke hajasikia." Akaendelea, "Nilikungoja. Ungeniletea neno moja, ningekurejea. Ulipokaa kimya nikajua hunitaki. Sasa nimeposa kwa watu, wameitika, na nimewaahidi sitaoa mke juu ya binti yao."

Nasiha akamgeukia mamake.

"Mlikuwa mmepata zamu kwenye ule mtambo wenu wa kugonganishia viini," Mwanabaraka akasema kwa sauti ya chini. "Uliniambia mmeingoja mpaka mmechoka. Nikasema, mwanangu amalize kwa utulivu, ndipo nimwambie."

Mzamil akainuka. "Sikujua, wallahi," akasema, akatoka, akaufunga mlango polepole, kama mtu atokaye kwenye chumba cha mgonjwa.

Nasiha alitafuta neno kali la kumwambia mamake, akalipata, akalimeza. Mwanabaraka akamsogezea kikombe cha kahawa. Akakipokea kwa mikono miwili, na wote wawili wakainamisha macho.