Jeki ya Burma

Faki alikuwa muuza nyama katika soko la Burma, na kwa upande wa mwili Mungu hakumpunja. Paja zima la ng'ombe alilitupia begani kama mtu abebaye shuka za kufua, huku akipiga mluzi. Lakini sifa zake zilizovuka soko zikafika mtaa wa Ziwani alikokaa, hata zikasikika kule viwandani Baba Dogo, hazikutokana na nyama. Zilitokana na Kenge.

Kenge lilikuwa gari la shemeji yake, Twalib, fundi wa kunyoosha bodi kule Grogan. Lilikuwa gari dogo jekundu la mashindano, la viti viwili, alilouziwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Tumbo lake lilikuwa chini hivi kwamba paka wa mtaa walilizunguka badala ya kupita uvunguni. Twalib naye, kwa kutaka lishike barabara, akazikata springi, likazidi kulala. Barabara lilishika kweli. Ila jeki haikuingia tena. Kubwa haikuingia, ndogo haikuingia, na gurudumu likipungua upepo hata kiganja cha mtu kilipita kwa taabu.

Basi kila Jumapili ya mashindano kule Embakasi, baina ya raundi ya kwanza na ya pili, ilipofika saa ya kubadilisha magurudumu, aliitwa Faki. Alijifunga kikoi kiunoni, akapangusa viganja, akachuchumaa nyuma ya gari, akasema "Bismillahi," na Kenge likaachana na ardhi. Twalib na rafiki yao Wasike wakasukuma vipande vya magogo chini ya magurudumu, jeki ikapata pa kupenya. Kisha mbele, vivyo hivyo. Watu waliojipanga kwenye ua wa waya walishangilia, na mtangazaji akapaza sauti kwenye spika: "Mabibi na mabwana, Jeki ya Burma!"

Faki alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Watoto wa Ziwani walipomkimbilia wakiita "Jeki! Jeki!" alikunja uso kama aliyeudhika, halafu akazunguka kupitia njia ndefu ili wamwite tena.

Ambaye hakushangilia ni Kibibi, mkewe, dada yake Twalib. Yeye ndiye aliyempaka mafuta ya nazi na kumkanda mgongo, huku lile pande la mtu likilia "taratibu, mke wangu, taratibu" kama mtoto anayetiwa jandoni. Na raundi ya pili yenyewe Faki hakuwahi kuiona hata siku moja. Akishanyanyua, hulazwa kwenye mkeka nyuma ya pikapu yao ya vifaa akahesabu mawingu, mpaka Twalib arudi jasho likimtiririka na kumwambia, "Shemeji, leo tulikaribia!" Raundi ya kwanza nayo aliitazama kutoka pale chini kwa mafundi, ambapo magari hupita vuu, vuu, vuu kama nyuki, huwezi kujua nani katangulia na nani kaachwa.

Jumatatu moja Faki aliinama kuvaa viatu, akabaki papo hapo, amejikunja kama kisu cha mfukoni. Kibibi alimvisha kiatu cha kulia, akamvisha cha kushoto, akazifunga kamba, akajitanda buibui lake na kuvuka njia hadi mlangoni kwa Wasike.

Wasike alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda kimoja Baba Dogo, mtu wa Bungoma aliyetumia maneno kwa ubahili.

"Wasike, nitafutie njia gari lile linyanyuke bila mume wangu," Kibibi alisema. "Usipoipata nitalitia kiberiti, kaka yangu akiwa ndani."

"Mama Lela, usifike huko," Wasike akajibu, akimwita kwa jina la bintiye. Jioni ile ile alikwenda kulala ubavuni mwa Kenge, shavu likigusa mchanga, akachungulia. Alikaa hivyo mpaka majirani wakadhani ameanguka. Alipoinuka alisema, "Sisi tunapigana kuiingiza jeki chini. Kwani lazima iingie? Wacha ibaki nje."

Wiki ile alichomelea paipu fupi nene kila upande, chini ya mlango, mahali ambapo mfupa wa gari ni mgumu. Kisha akakata nondo nzito, unene wa kifundo cha mkono, inayozama ndani ya paipu na kuacha ncha nje, iliyopindwa juu kama kidole, jeki ipate nafasi chini yake. Jeki husimama nje kwenye nafasi yake, ikakisukuma kile kidole juu, na ubavu mzima ukanyanyuka na magurudumu yake mawili.

Siku ya kujaribu walikusanyika uani kwa Twalib. Faki alisimama mbali kidogo, mikono kifuani.

"Paipu hiyo itang'oka," alisema.

"Haitang'oka," Wasike alisema.

"Itapata kutu."

"Nitaipaka rangi."

"Na jeki yenyewe, je, ikiteleza? Jeki haina imani, Wasike. Haina huruma. Mtu anajua anashika nini!"

Twalib alimtazama shemeji yake, akamtazama dada yake, akaona heri atazame miguu yake. Kibibi alikuwa ameshika kipande cha kashata mkono wa kushoto. Akapiga hatua mbele, akapachika kidole cha chuma, akaiweka jeki, akaanza kupampu kwa mkono wa kulia huku akitafuna. Kenge likapanda polepole, likainamisha ubavu kama ng'ombe anayekunwa. Magurudumu mawili yakaning'inia hewani. Hata kashata haikuisha.

"Looh!" Twalib akasema. "Dada yangu!"

Faki aliingia ndani kunywa maji. Alikunywa maji mengi sana.

Wiki nzima alikuwa mzito wa maneno. Sokoni alikata nyama kwa hasira, mifupa ikaruka, na aliyeomba mafuta kidogo ya kuongezea aliambulia jicho. Alijua kwamba jambo lile ni zuri. Mgongo wake ulijua zaidi. Lakini mtu akizoea kuitwa kwenye spika, kukaa kimya si kazi ndogo. Jumapili ilipofika, alibeba kikoi chake hata hivyo, amekikunja kwapani. Moyoni aliomba dua ambayo hakuthubutu kuimalizia: Ewe Mola, ile paipu…

Paipu haikung'oka. Raundi ya kwanza ilipokwisha, Kenge liliingia kwa mafundi, Wasike akapachika kidole, Kibibi akapampu, Twalib akabadilisha magurudumu. Upande wa kwanza, upande wa pili, basi. Kazi iliisha kabla watu hawajajua kwamba imeanza. Kwenye ua wa waya watu wakatazamana. Kisha sauti moja ikalia, "Jeki yuko wapi? Tuleteeni Jeki!" na wengine wakaanza kupiga miluzi.

Faki alihisi masikio yanawaka. Akatoka kwa kupitia nyuma ya pikapu, akapanda tuta la udongo lililokuwa mwisho wa uwanja, apate mahali pa kujificha na kuona haya peke yake.

Juu ya tuta palikuwa na mzee mmoja Mkamba, jina lake Ndambuki, aliyeuza mayai ya kuchemsha kwenye ndoo. Na kutoka pale uwanja wote ulionekana kama kiganja chako. Magari yakaondoka kwa raundi ya pili. Faki akalitafuta Kenge mbele, hakuliona. Akalitafuta katikati. Halipo.

"Lile jekundu limeharibika?" aliuliza.

"Lile?" Ndambuki alimenya yai. "Lile ni zima. Lile pale nyuma. Lile huja kututembelea tu."

Faki alitazama. Kwenye kona kubwa magari mengine yaliingia magurudumu yakilia, vumbi likitimka. Kenge liliifikia kona ile, likapunguza mwendo, likapita kwa adabu kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga. Gari la buluu likalipita. Baada ya muda, gari lile lile la buluu likalipita tena.

"Huwa hivi kila mara?" Faki aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu lianze kuja. La mwisho, halikosi. Lakini lina mtu wake mmoja, jitu zima, hulibeba kwa mikono! Huyo ndiye tunakuja kumwona. Leo hayupo, sijui kama kafa."

"Hajafa," alisema Faki. Akanunua yai, akaligeuza mkononi, na ghafla kicheko kikamshika. Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakamlengalenga, na Ndambuki akaisogeza ndoo yake mbali, isije ikapigwa teke. Miaka miwili ya mafuta ya nazi, kumbe kwa ajili ya hili!

Alipoteremka, Twalib alikuwa akivua kofia yake ya chuma. "Shemeji! Leo tulikaribia!"

"Tulikaribia nini, shemeji?"

"Tulikaribia… mbele."

"Nilikuwa juu ya tuta."

Wasike akaona umuhimu wa kuikagua jeki. Kibibi alimtazama mume wake, akamtazama kaka yake, na alipoelewa alikamata mlango wa pikapu kwa kucheka.

"Naiogopa ile kona," Twalib alisema mwishowe, akiangalia chini. "Nikiifikia naona kama inajifunga. Nilitaka kukwambia, shemeji, Wallahi nilitaka. Lakini wewe ulikuwa unavunjika mgongo, ningeanzia wapi?"

Faki alikuwa na maneno makali tayari. Yalipofika mdomoni aliikumbuka dua yake ya asubuhi, akayameza. "Twende ukanionyeshe," alisema.

Magari yalipoondoka na watu wakatawanyika, shemeji hao wawili waliitembea kona ile kwa miguu, kwenda na kurudi. Faki aliipima kwa hatua za muuza nyama. "Tazama upana huu. Ng'ombe wa Burma wote wangepishana hapa na bado ungepita. Mbona mimi naiona pana?"

"Wewe huna usukani mkononi."

"Basi nitakuwa juu ya tuta pale. Mimi naona kote. Nikinyamaza, kanyaga. Nikipiga kelele, punguza."

"Utasikika kweli, na injini zote zile?"

"Mimi?" Faki alisema, na Twalib akaona hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Mashindano yaliyofuata, Kenge lilimaliza likiwa mbele ya magari mawili. La kwanza lilikuwa limeishiwa petroli, hilo hata Twalib alilikubali. Lakini la pili lilikuwa zima kabisa, na lilipitwa kwenye ile kona, mbele ya macho ya Ndambuki na ndoo yake. Ziwani walipokewa kama waliotwaa kombe. Jumatatu asubuhi Faki alivaa viatu vyake mwenyewe, akaenda sokoni akipunga mikono. Ila sauti ilikuwa imekwisha kabisa kwa kupiga kelele, na kutwa nzima wateja walinunua nyama kwa kuoneshana naye vidole.