Bakuli Kumi na Nne Kabla ya Kengele

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, stoo ya majembe ilinuka papai. Mama Bakuli alikuwa amepiga magoti sakafuni, kibao chake kikiwa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kwa kuwa meza ya stoo ile iliazimwa na mwalimu mkuu mwaka juzi na haikurudi. Papai lilikuwa limepondeka ubavu mmoja. Akaikata sehemu iliyooza, akaitupa, akakwangua mbegu kwa kijiko, na kilichobaki akakikata vipande vidogo vilivyolingana kama meno ya mtoto.

Bakuli kumi na nne, za walimu kumi na nne walioajiriwa. Yeye, wa kumi na tano, hakuwa na bakuli. Alikuwa mwalimu wa kujitolea, na huu ulikuwa mwaka wa tisa anajitolea. Kifungua kinywa chake alikikwangua kwenye maganda.

Ndizi alizikata mwisho, baada ya embe. Ndizi haina subira. Ukiikata mapema inakununia na kuwa nyeusi. Akazinyunyizia maji ya ndimu, akatia karanga zilizokaangwa na kupondwa kidogo, akapanga bakuli kwenye sinia. Mwalimu angeweza kula akiwa amesimama, huku akisahihisha madaftari, na kumaliza kabla ya kengele ya kwanza.

Jambo lenyewe alilizua mwenyewe, kwa huruma. Zamani walimu walivuka barabara kila asubuhi kutafuta chai na kurudi kipindi cha kwanza kimekwisha kufa. Siku moja mwenzake mmoja alikuwa akinyonyesha, akamletea ndizi mbili zilizokatwa na kipande cha papai. "Kula, dada, ni dakika tano tu." Kesho yake wakataka watatu. Wiki iliyofuata wakataka wote, na mwalimu mkuu akaonja, akalamba kijiko, akasema hilo sasa ni jukumu. Walimu wakachangia matunda, yeye akachangia mikono. Wema wake ukawa zamu yake, na zamu isiyo na wa kuipokea huitwaje kama si utumwa?

Mwalimu wa michezo alikuwa wa kwanza kufika, filimbi shingoni.

"Mama Bakuli, leo kuna embe, au tunakula ahadi?"

"Embe lipo. Ila wewe ukikimbia kidogo na watoto wako ndipo utakula lote."

"Nikimbie na kitambi hiki? Umekifuga mwenyewe hiki." Akachukua bakuli lililojaa kuliko yote, kisha akashusha sauti. "Nasikia mkaguzi anakuja leo. Kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya nafasi," akajibu.

Nafasi ilikuwa moja. Ofisi ya elimu ilikuwa imekubali kuajiri mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, kwa masharti mawili: mwombaji asiwe ametimiza miaka arobaini, na mkaguzi amwone kwa macho yake akifundisha somo zima, dakika arobaini. Mama Bakuli angetimiza arobaini mwezi ujao. Hapakuwa na leo nyingine. Usiku aliifua sketi yake ya bluu na kuiweka chini ya godoro ili inyooke, maana pasi iliungua tangu masika.

Darasani walikuwepo watoto mia na kumi na wawili. Madawati yalitosha nusu. Waliobaki walikaa sakafuni kwa mistari, magoti kwa migongo. Wakasimama wote pamoja, vumbi likasimama nao.

"Shikamoo, mwalimu."

Huku hakuwa Mama Bakuli. Alijaza ubao mzima kwa mwandiko wake mnene, ba be bi bo bu, na chini yake maneno: baba, bibi, bubu. Akamwita binti mmoja mdogo asiyekuwa na kiatu kimoja, ambaye tangu Januari alikuwa hajafungua mdomo. Binti akatazama ubao, akameza mate, akasema, "Bi. Bi. Bibi." Darasa likapiga makofi matatu kama walivyofundishwa, pa pa pa, kisha kimya. Mkaguzi angeyaona haya. Mtu akiyaona haya, ataandika nini kama si ndiyo?

Mlango ukasukumwa. Mwalimu mkuu aliingiza kichwa kwanza, kisha tumbo. Nyuma yake alisimama msichana aliyevaa saa kubwa ya dhahabu, mdogo wa mkewe, aliyemaliza chuo mwaka uliopita na tangu hapo huja shuleni mara mojamoja kumsalimu shemeji yake.

"Mwalimu, samahani kidogo. Mkaguzi amefika. Hajatia kitu tumboni tangu alfajiri."

"Mkuu, bakuli zote zimekwisha."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Kata mengine. Dereva wake naye usimsahau."

"Lakini mkuu, kipindi ndicho hiki. Si anakuja kunitazama mimi?"

"Atakutazama vipi kwa njaa? Mwenye njaa hana miwani." Akacheka peke yake. "Dakika tano. Si wewe ndiye bingwa wa dakika tano? Shemeji atashika chaki hapa, watoto wasipige kelele."

Mama Bakuli alisimama na chaki mkononi. Alijua. Dakika tano hizi hazikuwa tano. Lakini barua ya kumpendekeza ilihitaji sahihi ya mtu huyu, na miaka tisa ilikuwa imemfundisha kwamba sahihi hailazimishwi, inabembelezwa. Akajiambia pia, na hapa ndipo alipojipoteza mwenyewe, kwamba mkaguzi aliyeshiba huwa mpole, na kwamba bakuli zuri litamtangulia kama salamu. Akampa msichana chaki.

"Tumefika kwenye bibi," akamwambia.

"Bibi gani?"

Kule stoo nanasi lilikuwa bichi upande wa shina, ikabidi alichague jicho kwa jicho. Alikata embe kama ua. Alipiga ndizi kwa kisu mpaka vipande vikalala mshazari mmoja juu ya mwingine. Hakuwa amepata kutengeneza bakuli zuri kama lile, na alilitengeneza haraka. Akalipeleka ofisini, pamoja na la dereva. Ofisi ilikuwa tupu, ila dereva aliyekuwa ameegemeza kichwa ukutani.

"Wamekwenda darasani," dereva akasema, akipokea bakuli lake. "Kitambo kidogo."

Alipita uani karibu akimbie, sinia kifuani. Dirishani akaona. Msichana wa saa ya dhahabu alikuwa ubaoni, akigonga kwa rula mwandiko mnene wa mtu mwingine, na watoto, waliokwisha kufundishwa, wakiitikia kwa sauti moja: baba, bibi, bubu. Nyuma kabisa, juu ya kiti pekee chenye mgongo, mkaguzi alikuwa akiandika.

Akaingia. Watoto mia na kumi na wawili wakasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

Mkaguzi akainua macho. "Huyu nani?"

"Ni mama anayetuandalia matunda," mwalimu mkuu akasema upesi. "Watoto wanampenda. Kwao kila mtu mzima ni mwalimu, hata mlinzi."

Mkaguzi akacheka, akapokea bakuli, akatia kijiko. Akafumba macho. "Aa. Mama, una mkono."

"Mheshimiwa," akasema Mama Bakuli. "Hili ni darasa langu. Huo ubaoni ni mwandiko wangu. Mwombaji ni mimi."

Kijiko kikasimama. Mwalimu mkuu alitazama dari. Msichana alitazama saa yake.

"Anajitolea, mheshimiwa," mkuu akasema hatimaye. "Anatusaidia hapa na pale."

"Waulize watoto," akasema Mama Bakuli.

"Mama yangu." Mkaguzi alisema kwa upole, upole wa mtu aliyeshiba. "Nikianza kuandika ninachoambiwa na watoto, nitafika wapi? Mimi naandika ninachokiona. Nimeingia hapa, nimemwona mwalimu ubaoni. Wewe nimekuona na sinia." Akala kipande kingine. "Ila niambie jambo moja. Hizi ndizi zangu nyumbani zinakuwa nyeusi. Zako mbona hazigeuki?"

Mama Bakuli alitazama mwandiko wake ubaoni. Mwalimu mkuu akakohoa.

"Ndimu," akasema Mama Bakuli.

"Ndimu," mkaguzi akarudia, na akageuza ukurasa, akaandika. "Tunaandaa kijitabu cha walimu. Mlo wa asubuhi wa haraka na rahisi, kwa mwalimu asiye na nafasi. Nitaeleza kwamba umebuniwa katika shule hii."

"Ni wazo la ofisi yangu," mwalimu mkuu akasema. "Tunajali afya."

Barua ya ajira ilikuja kwa jina la shemeji. Mama Bakuli akatimiza arobaini siku ya Jumanne, na hakumwambia mtu. Siku ile alimwendea mwalimu mkuu kuaga.

"Uende wapi?" mkuu akamuuliza, kwa mshangao wa kweli. "Utuache na njaa? Na wale watoto wamekukosea nini? Jitolee tu. Riziki ina njia nyingi."

Hakujua kama alibaki kwa ajili ya watoto au kwa kuwa miguu ilikuwa imezoea njia. Jumatano alibeba sinia darasani. Sasa bakuli zilikuwa kumi na tano.

Mwalimu mpya alikuwa amekaa mezani, madaftari mia na kumi na mawili mbele yake hayajaguswa. Alivuta bakuli, akachungulia.

"Nanasi tena, mama? Linanichoma ulimi. Haya, nishikie darasa dakika tano, nile."

Watoto walikuwa wakimtazama. Binti wa kiatu kimoja alikuwa ameketi mstari wa mbele, mdomo umefungwa. Mama Bakuli akapangusa mikono kwenye sketi, akaokota chaki, akaandika cha, che, chi. Darasa likaamka. Wakasoma kwa sauti moja, madirisha yakatetemeka, na mwalimu wa michezo aliyekuwa akipita uani akasimama, akasikiliza kidogo, kisha akaenda zake kuchukua bakuli lake.

Nyuma ya mgongo wa Mama Bakuli, kijiko kiligonga plastiki. Kisha kikanyamaza, na kalamu ikaanza kukwaruza karatasi.

"Mama, usifute kwanza," mwalimu mpya akasema, mdomo umejaa. "Nanakili kwenye andalio la somo. Mkuu anataka kuliona leo. Andika polepole."

Akaandika polepole.