Sauti Safi Kutoka Kangema

Wachuka alikuwa mpishi. Kibanda chake cha chakula pale Naro Moru ndiko wapagazi wa mlimani walikojaza matumbo kabla ya kupanda, na ndiko walikorudi kunywa supu wakishashuka na midomo iliyopasuka kwa baridi. Asubuhi moja ya mvua aliteleza kwenye ngazi akiwa amebeba sufuria ya maharagwe, mguu wake ukavunjika mahali pawili. Walimfunga plasta kuanzia kwenye vidole mpaka pajani. Mwanamke ambaye hakujua kukaa chini akajikuta kwenye kiti kando ya dirisha, akiwasikia watu wengine wakiunguza chakula chake.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hangeweza kwenda Kangema. Mama yake, Wakiuru, aliishi huko kwenye shamba la majani chai pamoja na kitindamimba wake, Theuri, na mkewe Wangechi. Haukupita mwezi bila Wachuka kwenda kumwona na kumpelekea kitu. Sasa ilibaki simu, na simu ya mama ilikuwa ya vibonyezo, ya zamani, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira. Sauti ilitoka humo kama ya mtu anayesemea ndani ya gunia. Neno moja ulilisikia, la pili ukalikisia.

Majuma ya mwanzo kila alipopiga alipokea Theuri. Mama amelala. Mama ameenda kanisani. Kisha siku moja mama mwenyewe akaja kwenye simu, akasema amekuwa na kifua, ndiyo maana sauti imekwaruza. Wachuka alifurahi hata akasahau mguu. Tangu hapo waliongea mara kwa mara, na pengine kwa sababu ya kukaa bure, alimweleza mama yake mambo ambayo hakuwahi kumweleza alipokuwa na miguu miwili mizima.

Alimweleza kuhusu uvimbe. Aliugusa akioga, kwenye titi la kushoto, mgumu kama punje ya njahi, yale maharagwe meusi. Hakumwambia mumewe, Gatimu, kwa maana Gatimu alimzika dada yake kwa ugonjwa wa namna hiyo na hakuwa amepona huzuni ile. Alimwambia mama peke yake, kwa kunong'ona, mlango umefungwa. Na ile sauti ya kukwaruza ikamtuliza. Ikamwambia asikimbilie madaktari wa kisu. Ikamwambia, "Hata mimi niliupata nikikunyonyesha wewe. Uliisha wenyewe." Kisha ikamwombea, ombi refu, na Wachuka akalia kwa nafuu na kuamua kungoja.

Plasta ilipokatwa, hospitali ya Nyeri, Gatimu alimshika mkono wakatembea polepole hadi dukani kwa Hafiz, anayeuza simu karibu na msikiti. Wachuka alitaka kumnunulia mama simu inayosikika. Hafiz alimtolea mbili na kumweleza kwamba simu za kawaida huibana sauti, hukata ya juu na ya chini, zikabakisha ya katikati tu. Hizi zilikuwa na hiyo HD voice, sauti inapita yote. Ila lazima pande zote mbili ziwe nazo, na mtandao uwe mzuri. Alitoka na moja hadi barabarani, akampigia. Wachuka alimsikia kana kwamba amemwekea kidevu begani. Alisikia pumzi yake, akasikia na fagio la mwanamke aliyekuwa akizoa taka ng'ambo ya barabara. Akacheka kama msichana. Akanunua zote mbili, moja akaituma Kangema kwa gari la vifurushi, akamwagiza Theuri aitie laini ya mama.

Alasiri ya siku iliyofuata alikaa nje kwenye jua, uji wake mkononi, akapiga.

Kwanza alisikia jogoo. Akasikia kuni zikipasuka motoni, kijiko kikigonga sufuria. Jiko la nyumbani kwao lote liliingia sikioni mwake. Kisha ile sauti ya kukwaruza ikasema, "Wachuka wakwa." Wachuka wangu.

Wachuka akaweka uji chini.

Jina lake, linavyotamkwa kwa Kikuyu, husikika kama Washuka. Na mama yake, tangu ng'ombe alipompiga teke la mdomo akamng'oa meno ya mbele, hakuweza kulitamka bila upepo kupenya pale kwenye pengo. Lilitoka kama mtu anayepuliza chai ya moto. Simu ya zamani haikuwahi kuupitisha upepo ule, kwa hiyo Wachuka hakuwahi kushangazwa na kukosekana kwake. Hii ilipitisha kila kitu, na upepo haukuwepo. Jina lilitoka safi, limekatwa vizuri na meno mazima.

Alidhani labda amewekewa meno. Akauliza hivyo. Kabla hajajibiwa, nyuma kidogo, akamsikia mwanamume akinong'ona, "Sema ndiyo."

"Ndiyo," ile sauti ikasema. "Theuri alinipeleka Murang'a, yakawekwa."

Wachuka alishikilia simu kwa mikono yote miwili. Sasa alikuwa anasikia chini ya ule ukwaruzo, jinsi mtu anavyoona rangi ya zamani chini ya mpya. Alisikia koo changa lililobanwa makusudi. Alisikia mate. Alisikia chingamu ikisogezwa shavuni kwa ulimi ili kupisha maneno. Hakujua la kufanya, na kwa kuwa hakujua alifanya lile alilozoea, aliomba aombewe. Sauti ikamwombea. Ikamtaja Mungu wa Wakiuru na wa mama yake Wakiuru, ikaomba titi la mtoto wake liguswe na mkono wa uponyaji, na katikati ya maneno hayo mtu mmoja pembeni akabanwa na kicheko kikamtokea puani.

"Amina," alisema Wachuka.

Upande wa pili walichelewa kukata. Simu ilikuwa mpya, kidole hakikujua mahali. Akaisikia sauti ya mama yake ikivuliwa kama sweta na Wangechi akisema kwa sauti yake mwenyewe, "Huyu naye na maswali ya meno." Kisha ikakatika.

Uji wote aliokuwa amekunywa ulirudi. Aliinama kando ya kiti akatapika, na alipomaliza alichukua ncha ya leso akajipangusa sikio, akajipangusa tena na tena, kama mtu aliyeingiwa na mdudu.

Wangechi alikuwa na kipaji hicho, kila mtu alikijua. Kwenye sherehe za harusi alimwiga mchungaji, akamwiga chifu, watu wakashika mbavu. Wachuka mwenyewe aliwahi kucheka mpaka akatoa machozi. Sasa alikumbuka kila neno alilolimwaga ndani ya lile koo. Alikumbuka alivyoeleza mahali uvimbe ulipo, na ulivyo, na alivyoomba radhi kwa kumsumbua mzazi. Yule aliyesema "nikikunyonyesha" alikuwa mdogo kuliko yeye. Jioni hiyo alimwambia Gatimu yote, na la uvimbe pia. Gatimu alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaenda kuazima gari la jirani.

Walipita njia ya Othaya asubuhi na mapema. Wangechi alikuwa uani anaanika nguo, ile simu mpya ikiimba kwenye mfuko wa aproni. Alipomwona Wachuka akishuka na mkongojo, mkono wake ulikwenda mfukoni kuizima simu kabla hata hajasalimia.

Nyumbani kwa mama kulikuwa na viti vipya na televisheni. Kitanda chake hakikuwepo. Wachuka hakuuliza; alifuata harufu. Ilimtoa nje, ikamzungusha nyuma ya jiko hadi kwenye stoo ya mbao walikoweka mbolea na vikapu vya kuchumia chai. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Gatimu aliufungua.

Mama alikuwa juu ya godoro lililolowa mkojo wa jana na wa juzi. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka, mkono wa kulia umekunjika kifuani. Inzi walitembea kwenye kona ya mdomo, na hakuwafukuza. Blanketi zito ambalo Wachuka alimtumia wakati wa baridi halikuwepo. Alifunikwa gunia na kanzu ya zamani ya kanisa. Gatimu alipomgeuza ili ambebe, ngozi ya mgongo ilibaki godoroni. Wachuka alifunga mdomo kwa kiganja. Mama alimtazama, akafungua kinywa kile cha mapengo, na kilichotoka kilikuwa pumzi na mlio mmoja usio na herufi.

Theuri alikuja mbio kutoka shambani, kikapu bado kiko mgongoni. Alieleza yote bila kuulizwa, kwa haraka, kama mtu aliyekuwa amechoka kuyaficha. Mama alianguka akichuma chai siku chache baada ya Wachuka kuvunjika mguu. Yeye alidhani ni uchovu, akamlaza, akangoja apate nguvu. Alipompeleka kwa daktari akaambiwa amechelewa sana. Aliogopa kumwambia dada yake kwamba alingoja. Majirani walidhani Wachuka anajua na amekaa tu huko Naro Moru.

"Uliniogopa mimi," Wachuka alisema. "Kwa hiyo ukamtia huyu mdomoni mwa mama."

"Ilikuwa mara moja tu, ndiyo usiwe na wasiwasi na mguu. Halafu tukashindwa kutoka."

"Na kucheka? Kucheka pia mlishindwa kutoka?"

Wangechi ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, akimwita Wachuka kwa jina la bintiye, na hakuwa amepandisha sauti.

"Mama Lynn, wewe ulikuwa unafurahi. Ulikuwa unakata simu ukiwa umefurahi. Nani mwingine alikuwa na wakati wa kukusikiliza?"

Hilo lilimwingia Wachuka vibaya kuliko uongo wote, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa amefurahi. Alikuwa amelala vizuri usiku kwa faraja ya kinywa kile. Aliona kinyaa, na safari hii hakujua kama alikiona kwa Wangechi au kwake mwenyewe. Alimwambia Gatimu wamtie mama garini.

Hospitali ya Nyeri walimlaza mama, wakamsafisha vidonda. Daktari alipima na titi la Wachuka siku zizo hizo, akatoa uvimbe, ukaonekana hauna ubaya. Wachuka aliposikia hivyo hakushukuru kama alivyotazamia. Alibaki akiwaza kama ungekuwa na ubaya, angekuwa bado anangoja uishe wenyewe.

Kisha daktari akamweleza kuhusu mama. Ulimi umekufa, alisema, lakini masikio na akili ni vizima. Anaelewa kila kitu, na tangu mwanzo alielewa. Wachuka alirudi wodini akakaa kando ya kitanda. Aliifikiria ile stoo. Ukuta wake mmoja ulikuwa ndio ukuta wa jiko, mbao tupu zenye nyufa, na jikoni ndiko walikompigia.

"Mama," alisema, "ulikuwa unamsikia akiwa wewe?"

Wakiuru alimtazama muda mrefu. Kisha akafumba macho, na chozi likatoka upande ule wa uso uliobaki hai.

Mwezi uliofuata mama alihamia Naro Moru. Theuri alipiga simu mara nyingi. Wachuka alipokea mara moja, akamsikia akimeza mate kabla ya kusema dada, kwa ukaribu ule ule uliomfurahisha dukani kwa Hafiz, akakata. Hatimaye walikuja wote wawili, wakiletwa na Mzee Kingori wa kanisani kwao, mtu mpole, aliyependa watu wapatane. Wachuka aliwakaribisha. Aliwapikia chai ya maziwa, akawakatia mkate. Kingori alizungumza juu ya damu moja na juu ya kusamehe. Theuri alilia waziwazi, na Wachuka alimwamini, akampa mkono.

Kisha Wangechi akafungua kinywa. Alisema pole, kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, isiyo na mchezo wowote. Pengine ilikuwa pole ya kweli. Lakini chumba cha pili mama aliisikia, na ule mlio usio na herufi ukaanza, ukapanda, kitanda kikagonga ukuta. Kikombe cha Wangechi kikatulia hewani.

"Mama Lynn, nifanye nini?" aliuliza akinong'ona.

"Usiseme," Wachuka alisema. "Hapa ndani usiseme kitu."

Kingori alitaka kumwambia kwamba chuki ni mzigo. Wachuka alimjibu kwa heshima kwamba chuki hana. Mtu mwenye chuki hula akashiba. Yeye akimsikia huyu Wangechi, chakula kinamrudi. Labda kitaisha. Hajui. Theuri aje amwone mama wakati wowote apendao, peke yake.

Walipoondoka alivikusanya vikombe. Alivisugua kwa jivu, akavisuuza, kimoja akakisugua tena, akakinusa, akakisugua mara nyingine hadi ua lililochorwa ubavuni likaanza kufifia. Halafu akakiacha kwenye beseni, kwa sababu ilikuwa saa ya kumgeuza mama, na maji ya kumwosha yalikuwa yameshachemka.