Uvumi Baina ya Mapigo

Masika ya mwaka ule yaliinyeshea Wete kama yaliyoagizwa. Kila mvua ilipolipiga bati la zahanati, Daktari Kantilal aliinua mkono na kazi ikasimama, kwani nani atasikia moyo wa mtu chini ya kelele ile? Wagonjwa, daktari na mwanafunzi wake wakakaa kimya pamoja, harufu ya ardhi mbichi ikiingia dirishani, hata mtu asijue kama amesinzia au yu macho.

Saifuddin, mwanafunzi huyo, aliipenda mno mvua ile. Ilimwokoa.

Alikuwa akisomea udaktari Bombay, amerudi kwao likizo, na daktari alimchukua amsaidie katika uchunguzi wake: kuwasikiliza watoto waliowahi kuugua homa ya viungo na kuandika ni nani moyo wake umeathirika. Moyo mzima hugonga mara mbili, ukapumzika. Moyo mbovu huvuma kidogo baina ya mapigo hayo, na wenye moyo huo wengi hawafiki utu uzima. Dawa hakuna. Saifuddin, na masikio yake mawili kama ya watu, wiki ya tano hii hakuwahi kuusikia uvumi huo hata mara moja! Alichofanya ni kuchungulia daftari la daktari na kunakili. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini kamwambie hayo kijana ambaye baba yake keshalitangazia soko zima kwamba mwanawe ni daktari. Haya zilimla.

Siku hiyo daktari aliitwa kwa mgonjwa huko Kengeja, akaenda na daftari lake kwapani. Akaingia Moza, msichana wa miaka kumi na miwili kutoka Fundo, na mama yake, Bi Mwanapili. Mvua ikakatika. Saifuddin akamwekea chombo cha kusikilizia moyo kifuani, akafumba macho. Mara mbili, kimya. Mara mbili, kimya. Akakisogeza chombo, akasikiliza tena.

"Huusikii?" Moza akamuuliza kwa huruma. "Miye nausikia kila nlalapo. Hebu nkuoneshe."

Akagonga meza kwa kidole, akaburura kiganja juu ya ubao, shii, kama njuga za mcheza ngoma ya msewe, akagonga tena. Saifuddin akapumua pamoja naye. Zahanati ikawa mbali, Wete ikawa mbali, vikabaki kidole kile na kifua kile. Ndipo baina ya pigo na pigo ikapita pumzi nyembamba, ikaenda, ikarudi. Kumbe ilikuwepo siku zote! Furaha ikampanda hata akacheka kwa sauti, machozi yakimlenga.

"Nimeusikia!" akasema. "Wallahi nimeusikia, Moza!"

Moza akacheka naye. Bi Mwanapili, aliyekuwa ameikamata ncha ya kanga yake tangu walipoingia, akaiachia, akainua mikono juu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ahsante, dakitari. Basi mwanangu kapona."