Sufuria Isiyoepuliwa

Mama mkwe wangu, Bi Hajira, akiinjika mkate wa kunde, nyumba nzima inafunga mdomo. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, mtu wa Ujiji aliyeletwa Singida na biashara: mkate ukiwa kwenye mvuke, habari haisemwi, iwe ya heri iwe ya shari, mpaka sufuria iepuliwe. Ukisema, mkate haushikani, unabaki uji. Mimi nimezaliwa Mungaa, kwetu kunde zinachemshwa zinaliwa, basi, hatuna makuu. Na mdomo wangu unajulikana soko zima. Hebu fikiria niliyoyapata nilipoolewa humo!

Ijumaa hiyo tulianza asubuhi. Kunde zilikuwa zimelala kwenye maji. Tukazifikicha mpaka maganda yakaelea, tukayamwaga. Mimi nikasaga juu ya jiwe, yeye akaupiga ule uji mzito kwa mwiko, pamoja na kitunguu na pilipili, mpaka ukafura. Majani ya migomba ya kufungia tuliyaomba kwenye malori ya ndizi yanayotoka Babati. Wenzetu walishahamia mifuko ya nailoni, maana tangu serikali itoe ruksa ya biashara, nailoni imejaa sokoni kama vumbi. Mama hataki. "Mwanangu hali vya nailoni," anasema.

Mwanawe ni Majidi, mume wangu. Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani. Wenye malori walileta vitu kutoka nje, vyetu dukani vikadoda, na yeye akasikia kwamba Sekenke sasa mtu anachimba dhahabu na kuuza bila kukimbizwa. Akaenda kabla ya mvua. Mvua zikaja, tukasikia shimo moja la wachimbaji, wao wanaliita duara, limeporomoka. Nani alikuwemo? Huyu anasema Majidi alikuwemo, yule anasema alionekana Kahama, mzima, amenenepa. Nikachoka! Nikilia, mama ananikaripia kwamba namchuria mwanawe. Nikicheka, majirani wananitazama. Sijui kama mimi ni mke au mjane, sijui nikae eda au nimsubiri mtu. Nilichotaka duniani ni mtu mmoja tu aje anieleze ukweli.

Akaja. Sala ya mchana ilikuwa imekwisha, na sisi ndiyo kwanza tumepanga vifurushi juu ya mabua, maji chini, kitambaa juu, mfuniko. Tukasikia hodi uani. Alikuwa Ezekieli, kijana wa Kinyiramba aliyekuwa akichimba na Majidi duara moja. Amekonda, kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu, vuta kigoda. Mkate uko motoni."

Alijua maana yake. Alishawahi kula kwetu. Akakaa, akafumba mdomo. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini.

Jamani, nilitaka kumkaba! Nikamwuliza kwa macho, kwa nyusi, kwa mikono. Akageuza uso. Nikasonya.

"Mama, mkate umeiva," nikasema.

"Bado."

Nikakaa. Harufu ya majani na pilipili ikajaa ua mzima, ile harufu ambayo hata mtoto anaijua kwamba sasa ni kula. Mama akafunua mfuniko kidogo, akachota maji kwenye ndoo kwa kopo, akamimina pembeni. Akasukuma kuni. Baada ya muda akamimina tena. Kivuli cha ukuta kikasogea mpaka miguuni kwa Ezekieli, na yule mama bado anachota maji. Ndipo nikaelewa anachofanya, na hasira ikanipanda. Mkate gani huo wa kupikwa tangu adhuhuri mpaka alasiri inaadhiniwa?

"Mama, unatutesa!" Nikamnyang'anya kopo. "Utaongeza maji mpaka lini? Mpaka kisima kikauke? Huyu ametoka Sekenke huko, ana neno lake, na mimi nalitaka!"

Nilitegemea anigombeze, kama kawaida yake. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama tu, mikono ameiweka mapajani, midomo inamcheza.

"Haya," akasema. "Epua wewe."

Nikasimama. Nikachukua matambara ya kushikia. Maji yalikuwa yanaishia, unayasikia kabisa yanavyokoroma chini ya sufuria. Kuepua tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Nikamtupia jicho Ezekieli, nikamwona anajifuta machozi kwa kofia yake. Mimi, na mdomo wote ule! Nikajikuta nimeinama kwenye ndoo, nimechota kopo zima, nimemimina.

Sufuria ikatulia, kisha ikaanza tena kuchemka. Nilikuwa nalia, wala sikujificha.

Mama akaja akanishika bega. "Yatosha, mwanangu."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Siku zote mimi ni mke wa Majidi. Akaiepua sufuria mwenyewe, akaiweka chini kando ya jiko. Hakuifunua. Akajitanda kanga kichwani vizuri, akakaa mbele ya Ezekieli, karibu magoti yagusane.

"Sema, baba," akamwambia. "Mwanangu mmemzika wapi?"

Ezekieli akaiweka kofia chini.

"Hatukumzika, mama. Bado yumo. Tulimsikia akigonga jiwe, tukachimba, tukachimba, usiku na mchana. Halafu hakugonga tena."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake, mama."

Hapo mama akapiga yowe. Nikamkumbatia, tukaanguka pamoja chini, na majirani wakaanza kuingia uani.