Nyumba ya Kipimo cha Kaveke

Mumbua alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho alikuwa amekitolea jasho: gauni likishatoka kwenye cherehani yake pale Makindu, halikurudi kurekebishwa kwa kosa lake. Alichukia nguo zinazopwaya. Ukiona mtu kavaa nguo ya kupwaya, alipenda kusema, ujue fundi wake hakumtazama.

Kwa hiyo alipoamua kumjengea mamake nyumba huko Matinyani, hakwenda kwa mchoraji wa majengo. Nyumba na gauni, kwake, zilikuwa kazi moja: unaanza na mwili. Alimsimamisha Kaveke uani, akampima kwa tepu kama anayempima bibi harusi. Alipima mabega, viwiko, urefu wa hatua, hata mahali mkono unapofika ukiinuliwa. Kisha akaishona nyumba nzima kwa kitambaa cha amerikani, ndogo, kuta na milango yake yote, akaisimamisha mezani mbele ya Mutiso, mwashi wa pale kijijini. Mutiso alicheka mpaka akakohoa, lakini alijenga alichoonyeshwa.

Na ilipendeza, tusimnyime haki yake. Mlango ulimkaa Kaveke mabegani. Rafu zilikuwa palepale mkono wake ulipofika, na korido ilibana katikati kama kiuno kabla ya kufunguka kwenye chumba cha kitanda kimoja na kiti kimoja. Akina mama wa kanisa walikuja kuitazama wakiingia mmoja mmoja, kwani wawili hawakuenea. Mumbua aliipiga picha, akaitundika dukani, akaendelea na kazi zake.

Mwaka uliofuata Kaveke alipooza upande wa kushoto. Waliporudi naye kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kiti kiligota mlangoni. Wakajaribu kumbeba, lakini mbebaji na mbebwa hawakuweza kupita pamoja. Mumbua alisimama pale aibu ikimchoma hadi masikioni. Katika kila gauni aliacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, maana miili hunenepa na kukonda. Katika nyumba ya mamake hakuacha hata upana wa kidole. Mgonjwa akalazwa kwenye kibanda cha zamani cha jiko pale uani, cha mabati, chenye moshi na mlango mpana wa kupitishia kuni.

Mumbua alifunga duka, akahamia humo jikoni. Alimgeuza mamake kitandani, akampasulia nguo mgongoni ili zivalike. Mutiso alipoitwa aligonga ukuta huu na ule, akasema kuta zimeegemeana. Ukitaka kutoa mmoja, lazima ushikilie paa kwanza, na hiyo si kazi ya haraka. Mumbua akamwambia aanze tu. Alitaka mamake arudi nyumbani kwake akiwa hai, hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Jioni moja, akimlisha uji kwa kijiko, alimwomba mamake msamaha. Alieleza mengi, habari za mlango, habari za korido na jinsi alivyojiona mjuzi. Kaveke alimwacha amalize. Siku hizo maneno yalimtoka polepole, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mlango si shida, mwiitu wakwa," akamwambia bintiye kwa Kikamba. "Hiyo nyumba nimekaa ndani peke yangu tangu uijenge."

"Nilikupimia wewe, mwaitu," Mumbua akamwambia mamake.

"Ulinipima vizuri sana. Sasa wewe ukikuja, ungelala wapi?"

Tangu nyumba ikamilike Mumbua alikuwa amekuja mara chache, akala, akaondoka kabla giza halijaingia, na wazo la kulala pale halikuwahi hata kumpitia kichwani. Alilia mbele ya mamake bila kujificha. Kaveke akamwekea mkono wake mzima begani, na uji ukapoa.

Mutiso alibomoa, akajenga upya. Plasta haikuwa imekauka Kaveke alipofariki, kulekule jikoni. Siku ya mazishi mwili uliingizwa kwanza nyumbani kwake, kama ilivyo desturi. Wanaume wanne walipita na jeneza na hakuna bega lililogusa ukuta. Wakaliweka chumbani, na kando yake pakabaki nafasi ya kitanda cha pili. Mumbua aliiona. Akawaomba watoke wote, akalala hapo sakafuni.